Express haihitaji kombe mwaka huu

Siku ya mechi ya Express, ukishuka teksi Nateete, Kampala, ukakata kwa miguu kuelekea Wankulukuku, huna haja ya kuuliza njia. Unafuata jezi nyekundu tu. Majuzi nilitembea nyuma ya mzee mmoja ambaye jezi yake ilikuwa imepauka hadi ikawa rangi ya tofali, namba ya mgongoni imebanduka nusu. Alimshika mjukuu mkono, wakila rolex moja, chapati iliyokunjiwa mayai, kwa zamu. Nilifurahi kuwatazama. Dakika ya 20, tumeshafungwa bao moja, mzee yule yule alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imemtoka, anapiga kelele kocha aondoke. Dakika ya 20! Mtoto akamtazama babu yake kidogo, halafu naye akaanza kupiga kelele.

Ugonjwa wetu ni huo, na tunaurithisha.

Nasema wazi, najua nitatukanwa kuanzia Ndeeba hadi Busega: Express FC haihitaji kombe mwaka huu, wala mwaka kesho. Inahitaji misimu mitatu ya kujengwa upya, mikononi mwa kocha mmoja, na mashabiki wanaojua wanachokisubiri. Anayetuahidi ubingwa wa haraka anatudanganya, nasi tunampigia makofi kwa sababu uongo huo ni mtamu.

Hebu tukumbuke tulikotoka. Mwaka 2021 tulichukua ubingwa wa ligi chini ya kocha Wasswa Bbosa, wa kwanza tangu 2012, msimu ambao Korona iliukatisha kabla mechi hazijaisha. Agosti ya mwaka huo huo vijana wakaenda Dar es Salaam wakarudi na Kombe la Kagame, baada ya kuifunga Big Bullets ya Malawi 1-0 kwenye fainali. Nateete haikulala. Lakini tuliyachukulia yale makombe kama mavuno ya mwisho, tukala mpaka mbegu. Kikosi kikatawanyika, Bbosa naye akaondoka, na tangu hapo hadi 2025 kombe la ligi lilikwenda kwa Vipers wa Kitende mara tatu na kwa Villa mara moja. Wankulukuku halijarudi.

Kila ninapoyasema haya, kuna anayenijibu: mbona Vipers hubadilisha makocha na bado hushinda? Ndiyo, hubadilisha. Lakini tazama kilicho chini yake. Mwenye klabu, Lawrence Mulindwa, ana shule, St Mary's Kitende, inayomtolea wachezaji mwaka baada ya mwaka. Farouk Miya alipitia hapo kabla ya kwenda Standard Liège ya Ubelgiji mwaka 2016. Kocha akiondoka Kitende, kisima kinabaki. Sisi tumeiga kufukuza, kisima hatukuchimba. KCCA nao walimuuza Allan Okello Algeria na Mustafa Kizza Canada mwaka 2020, vijana waliopewa dakika za kucheza walipokuwa bado wanakosea. Kijana anayekosea Wankulukuku anazomewa mpaka anasahau miguu yake.

Kuna na wale wanaotaka tuvunje kila kitu kwa siku moja, tuwaondoe wakongwe wote, tuanze na watoto watupu. Hao wametazama sana michezo ya ng'ambo. Katika hoki ya barafuni ya Marekani na Canada, timu inayovurunda haishuki daraja. Inapewa nafasi ya mbele kuchagua vijana bora. Chicago Blackhawks walivurunda, wakamchukua Jonathan Toews mwaka 2006 na Patrick Kane mwaka 2007, wakabeba Kombe la Stanley mwaka 2010. Kushindwa kwao kulikuwa na malipo. Huku kwetu timu za mkiani zinashuka daraja, na hakuna anayekupa kijana kwa kuwa umefungwa sana. Ukibomoa nyumba yote huku mvua inanyesha, utalala nje.

Kwa hiyo wabakizwe wakongwe wanne au watano, uti wa mgongo: kipa, beki wa kati, kiungo, na mmoja wa mbele anayejua kupoteza muda tukiongoza. Wengine wawe vijana, na wacheze, wasikae benchi kama mapambo. Msimu wa kwanza tuhesabu pointi za kutoshuka tu, bila aibu. Wa pili tumalize nusu ya juu. Wa tatu, hapo ndipo mniite nije kudai kombe, na nitadai kwa sauti kuliko yeyote, maana kujenga kusikokuwa na mwisho nako ni wizi. Viongozi watoke hadharani waseme haya kabla ligi haijaanza, wataje tarehe, tuwashike nazo.

Watu wa Villa walikaa kutoka 2004 hadi 2024 bila ubingwa wa ligi. Miaka 20! Kila Agosti waliambiwa huu ndio mwaka. Mimi niko tayari kuvumilia mitatu ili nisije nikavumilia ishirini.

Wala msiniambie hatuwezi. Klabu hii ilizaliwa 1957. Serikali ya Idi Amin iliifungia mwaka 1977, na ikafufuka, kwa sababu watu walikataa kuiacha. Tunaiita Mukwano gwa Bangi, rafiki wa wengi. Rafiki gani huyo anayekimbia dakika ya 20?

Mzee wangu wa jezi ya rangi ya tofali, Jumamosi tutaonana. Mnunulie mjukuu rolex yake mwenyewe, keti naye mpaka filimbi ya mwisho. Na akikuuliza yule kijana aliyepoteza mpira ni nani, mwambie jina lake.