NGAZI HUPANDWA KWA VIDATO: SOMO LA MUSLIM LEAGUE YA KERALA

 

Ndugu msomaji, kila penye Waislamu walio wachache katika nchi yao huzuka swali moja lisilokwisha: je, waingie katika siasa kwa jina lao wenyewe, au watawanyike ndani ya vyama vya wengine na kuomba kila mmoja kwa mlango wake? Swali hili aghalabu hujibiwa kwa jazba, na jazba haijengi hoja. Sisi twaona ni bora lijibiwe kwa kutazama mahali ambapo jambo hilo limejaribiwa kwa muda mrefu, likafaulu katika baadhi ya mambo na likakwama katika mengine. Mahali hapo ni jimbo la Kerala, kusini magharibi mwa India, na chama tunachokikusudia ni Indian Union Muslim League, ambacho alama yake katika karatasi ya kura ni ngazi.

Kerala si nchi ya mbali kwa watu wa mwambao wetu. Majahazi ya pepo za musimu yaliyoshuka Lamu, Mombasa na Unguja yalikuwa na ndugu zao waliotia nanga Kozhikode na bandari nyingine za Malabar. Masharifu wa Hadhramaut waliokuja kwetu wakasomesha na kuoa, wenzao walikwenda huko wakafanya hivyo hivyo. Watu wa Malabar huwaita masharifu hao kwa heshima ya Thangal, na tutaona hapa chini nafasi waliyoipata katika chama hiki.

Mwezi wa Disemba 1947, India ikiwa imekwisha kugawanywa, baraza la Muslim League ya zamani lilikutana Karachi na kuamua kuwa chama kitengane: wa Pakistani kivyao, na wa India kivyao. Waliobaki India walibaki na jina zito. Kwa wengi, neno League lilikuwa na maana ya mgawanyiko na damu iliyomwagika, na viongozi wengi wa kaskazini walikwisha kuhama au waliona salama yao ni kunyamaza. Hata hivyo, tarehe 10 Machi 1948, kikundi kidogo kilikutana Madras chini ya Muhammad Ismail, aliyekuwa mjumbe wa Bunge la Katiba, kikaamua kuendelea. Walikubali uraia wa India, wakakubali katiba yake, na wakasema kuwa watadai haki zao ndani ya katiba hiyo. Uamuzi huo ulihitaji ushujaa wa aina ya pekee: ushujaa wa kubaki.

Chama hicho kilizaliwa kwa ajili ya India yote, lakini kilishika mizizi Malabar zaidi kuliko pengine popote. Kwa nini Malabar? Kwanza, Waislamu wa huko hawakuwa wametawanyika. Walikaa pamoja vijijini, na kwa hiyo kura zao zilihesabika. Pili, kazi ya elimu ilikwisha kuanza kabla ya siasa. Baada ya vita vya 1921 dhidi ya Waingereza, vilivyoacha vijiji vizima katika ufukara na majonzi, wanazuoni na mawakili waliunda jumuiya ya Aikya Sangham mwaka 1922 kule Kodungallur ili kuondoa ugomvi na ujinga. Miongoni mwa waliolelewa na harakati hiyo ni K. M. Seethi Sahib na mwanazuoni K. M. Moulavi, ambao baadaye walikuwa nguzo za League.

Hapa pana jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini na kila anayejinasibisha na islahi. K. M. Moulavi alikuwa mtu wa marekebisho, aliyepinga mengi ya yale yaliyozoeleka makaburini na katika shughuli. Abdurahman Bafaqi Thangal, aliyekiongoza chama katika jimbo lilipoundwa mwaka 1956, alikuwa sharifu wa upande wa wanazuoni wa Samastha, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa sehemu kubwa ili kuwajibu watu wa marekebisho. Watu hawa walitofautiana katika mengi ya misikitini, wala hakuna aliyemtaka mwenzake aache rai yake kwanza ndipo wakae pamoja. Waliketi meza moja kwa mambo ya shule, ardhi na kura, na hitilafu zao wakaziacha katika vikao vya elimu. Jambo hilo limedumu, ingawa si bila misukosuko, kwa zaidi ya miaka sabini.

Siasa haikuwapokea kwa mikono miwili. Baada ya uchaguzi wa 1960 chama cha Congress kilizikubali kura za League lakini kikaona haya kuipa uwaziri. Ikapewa kiti cha Spika tu, akakikalia Seethi Sahib mpaka alipofariki mwaka 1961. Akafuatia kijana C. H. Mohammed Koya, naye akatakiwa kujivua uanachama wa League kabla ya kukikalia. League ikajifunza kuwa anayesaidia bila ya mapatano hushukuriwa kwa maneno matupu. Mwaka 1967 ikaingia katika muungano wa vyama saba ulioongozwa na Wakomunisti, wale wale ambao serikali yao ya kwanza League ilishiriki kuipinga mwaka 1959. Wako waliowalaumu. Lakini safari hii waliingia kwa masharti yanayojulikana, na wakapata mawaziri wawili, akiwamo Koya katika Wizara ya Elimu.

Matunda yake hayakuchelewa. Mwaka 1968 kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Calicut, cha kwanza katika eneo lote la Malabar. Tarehe 16 Juni 1969 ikaundwa wilaya ya Malappuram kutokana na sehemu za Kozhikode na Palakkad, huku wapinzani wakipiga kelele kuwa hiyo ni Pakistani ndogo. Pakistani haikuzaliwa, zilizozaliwa ni shule, barabara na ofisi za serikali katika eneo lililokuwa nyuma. Sensa ya 2011 ilionesha kuwa wakaazi wa wilaya hiyo ni zaidi ya milioni 4, na Waislamu ni takriban asilimia 70 yao, hali katika jimbo zima ni kiasi cha asilimia 27. Koya mwenyewe alifikia kuwa Waziri Kiongozi wa Kerala kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Disemba 1979. Muda huo ulikuwa mfupi mno, lakini hakuna mtu wa League aliyepata kufika hapo kabla yake wala baada yake.

Sisi tunaosomesha lugha ya Kiarabu hatuwezi kupita bila ya kutaja mwaka 1980. Serikali ya wakati huo ilitoa masharti mapya yaliyowabana walimu wa Kiarabu, Urdu na Sanskrit katika shule za serikali. Tarehe 30 Julai 1980, sawa na mwezi 17 Ramadhani 1400, vijana wa League waliandamana mbele ya ofisi za wilaya. Kule Malappuram polisi walipiga risasi, wakafa vijana watatu. Serikali ikayarudisha nyuma masharti yale, na Kiarabu kikabaki katika shule za Kerala, kikifundishwa na walimu wanaolipwa na dola. Tuulizane: ni wangapi kati yetu wanaokiomboleza Kiarabu kila mwaka katika mahafali, na ni wangapi waliokwenda japo mara moja kuuliza wizarani mtaala unasemaje?

Natugeukie sasa mpangilio wa chama, kwani siri iko hapo. Chini kabisa liko tawi la mtaa au kijiji. Juu yake iko kamati ya panchayat, yaani serikali ya mtaa; kisha ya jimbo la uchaguzi; kisha ya wilaya; kisha halmashauri ya Kerala nzima. Kila baada ya muda huandikishwa wanachama upya, na kamati huundwa kutoka chini kwenda juu. Pembeni mwa ngazi hiyo ziko jumuiya za vijana, wanafunzi, wanawake, wafanyakazi na wakulima. Liko gazeti la Chandrika, lililoanza Thalassery mwaka 1934. Ziko nyumba zilizojengewa mafukara kwa jina la Baithurrahma. Viko vituo vinavyoitwa kwa jina la C. H., karibu na hospitali kubwa za serikali, ambavyo huwapa wagonjwa maskini na wauguzi wao chakula, malazi na dawa.

Iko pia KMCC, jumuiya ya wahajiri wa Kerala walioko Ghuba, ambayo watu wengi wetu waliofanya kazi Dubai, Maskati au Jidda wameiona kwa macho. Akifa mtu ugenini, wao hushughulikia karatasi na maiti. Akifungwa, humtafutia wakili. Ulipozuka ugonjwa wa korona na njia za anga zikafungwa, mwaka 2020 walikodi ndege kuwarudisha watu makwao. Basi mtu huyu atakapofika siku ya kura, hatahitaji kuhubiriwa chama ni kitu gani; amekwisha kukiona siku ya msiba.

Mtihani mkubwa ulikuja tarehe 6 Disemba 1992, ulipobomolewa Msikiti wa Babri. India nzima ilichafuka. Kule Kerala rais wa chama alikuwa Sayyid Muhammad Ali Shihab Thangal wa nyumba ya Panakkad, aliyesoma Al-Azhar, na aliyeshika uongozi tangu 1975. Yeye aliwataka watu watulie, wasimguse jirani wala hekalu, na Kerala ikasalimika na mauaji yaliyoikumba miji mingine. Lakini Ibrahim Sulaiman Sait, kiongozi wa chama kitaifa, aliuliza swali zito: vipi tuendelee kukaa serikalini Kerala pamoja na Congress, ambayo serikali yake kule Delhi ilishindwa kuulinda msikiti? Hakuridhika na jibu, akatoka, na mwaka 1994 akaunda chama kingine. Sisi hatumdharau Sait. Ghera yake ilikuwa ya haki. Ila tukipima, twaona kuwa Thangal alilinda roho za watu walio hai, na kulinda roho ni katika makusudio makubwa ya Sharia. Haki ya msikiti ilibaki kudaiwa kwa njia nyingine. Roho iliyopotea hairudi.

Pamoja na sifa hizo, uadilifu unatulazimisha kutaja kasoro, maana mwenye kusifu tu si msimulizi bali ni mpambe.

Kwanza, kiti cha juu kimekaa nyumba moja. Kutoka kwa Pookoya Thangal mwaka 1973, kikaenda kwa mwanawe Muhammad Ali. Alipofariki mwaka 2009 kikaenda kwa ndugu yake Hyder Ali. Na alipofariki huyo mwaka 2022 kikaenda kwa ndugu yao Sadiq Ali. Nyumba hiyo ina heshima, na watu huipelekea hata ugomvi wa ndoa na mipaka ya mashamba ikausuluhisha. Lakini shura inayojua jibu kabla ya kikao ina upungufu.

Pili, ni suala la wanawake. Sheria ya Kerala imewatengea nusu ya viti vya serikali za mitaa, na wanawake wa League wamevikalia kwa wingi na kufanya kazi. Ama Bunge la jimbo, mwaka 2021 chama kilimsimamisha mwanamke mmoja, wa kwanza tangu 1996, naye hakushinda. Mwaka huo huo wasichana wa jumuiya ya wanafunzi iitwayo Haritha walishitaki kwa Tume ya Wanawake maneno ya kudhalilisha waliyosema waliambiwa na viongozi wa kiume, na chama kikaivunja kamati yao. Mlalamikaji husikilizwa kwanza. Huo ndio mwenendo wa kadhi mwadilifu, na chama chenye jina la Waislamu kilikuwa na haki zaidi ya kuufuata.

Tatu, vyeo vina gharama. Chama kilipata viti 20 kati ya 140 mwaka 2011, na mwaka 2012 kikashikilia kupewa waziri wa tano. Kilimpata, lakini jamii nyingine zikanung'unika kuwa mizani imeinama, na manung'uniko hayo yakawa mtaji kwa wachochezi. Mwaka 2016 viti vikawa 18, na mwaka 2021 vikawa 15.

Hatuyasemi haya ili msomaji akaanzishe chama cha dini. Sheria ya vyama ya Tanzania ya mwaka 1992 na katiba ya Kenya ya mwaka 2010 zote zinakataza, na League yenyewe imesimama kwa sababu ya hesabu ya Malappuram ambayo haipatikani kila mahali. Tuchukualo ni njia yake ya kufanya kazi: kujisajili, kuhudhuria mkutano wa mtaa hata unapochosha, kuweka daftari la wanachama na la fedha, kuwatumikia wagonjwa na wafiwa bila ya kungoja uchaguzi, kuafikiana na asiye wa dini yako kwa masharti yaliyo wazi, na kutoifanya hitilafu ya fiqhi kuwa sababu ya kuacha shule ya kijiji ianguke. Hakuna sheria inayokataza mambo hayo popote.

Ngazi haina mbawa. Hupandwa kidato kwa kidato, na vidato vya chini ndivyo vinavyobeba uzito wote. Wahenga nao wametuambia kuwa mpanda ngazi hushuka. Chama au jumuiya itakayowasahau walioishika ngazi chini, wawe ni vijana, wanawake au mafukara wa kijijini, isije ikashangaa siku itakapotikisika.

Wabillahi tawfiq.