Kuchora na Kunakili

Wako waalimu na wazee wasemao kuwa picha isiyo na mtu, mnyama wala mti si picha. Na ya kuwa kumzoeza mtoto sanaa dhahania, yaani sanaa isiyoiga umbo la kitu chochote, ni kumpotezea wakati wake kwa michezo ya Wazungu walioshiba. Hukumu hii imesemwa mara nyingi hata imekuwa kama sheria madarasani. Nataka kuipinga, wala sitaipinga kwa upole.

Msomaji na atazame alipoketi. Mkeka ulioshonwa kwa kili za ukindu una picha ya nini? Una mishazari, pembe na vipande vya rangi vinavyofuatana kwa hesabu ambayo msukaji huishika kichwani. Pindo la kanga aghalabu halina kiumbe hata kimoja, na sijapata kusikia mama aliyelirudisha dukani kwa sababu hiyo. Milango ya Lamu na Unguja imezungushiwa minyororo, mawimbi na maua ambayo hayajapata kuota shambani mwa mtu. Mtoto wa pwani, basi, amelelewa juu ya sanaa dhahania tangu siku alipolazwa mkekani. Amwambiaye kuwa sanaa hiyo ni ya kigeni ndiye mgeni.

Wala jambo hili si la pwani peke yake. Wachokwe, wakaao Angola na pande za Kongo na Zambia, walikuwa na ada ya kuchora mchangani. Mchoraji hutia vitone kwa ncha za vidole, safu kwa safu, kisha huvizungushia mstari bila ya kuinua kidole, huku akisimulia kisa. Michoro hiyo huitwa sona, na vijana walifundishwa jandoni. Paulus Gerdes wa Msumbiji, mwanahisabati aliyefariki mwaka 2014, alitumia miaka mingi kuonyesha hesabu iliyofichika ndani yake. Huko Ujerumani, Paul Klee, aliyeanza kufundisha katika chuo cha Bauhaus mwaka 1921, alitoa mwaka 1925 kitabu cha mafunzo ambacho somo lake la kwanza ni mstari unaotembea tu, bila ya haja ya kufika popote. Klee huyo alipoorodhesha kazi zake alitia pia michoro ya utoto wake. Hakuiona haya.

Mimi ninayeandika haya nilifundishwa kuchora kwa kikombe. Mwalimu alikichora ubaoni, nasi watoto zaidi ya arobaini tukakinakili. Mwenzangu wa dawati moja alichora mvuke wa chai ukipanda kwa mistari iliyojisokota hata ikaijaza karatasi, kikombe akakisahau kabisa. Alipata sifuri, mimi nilipata nane katika kumi. Tangu siku hiyo hakuchora tena kwa hiari yake, na mimi hata leo sijui kuchora ila kikombe kile.

Badala ya kikombe ningetaka mkaa na karatasi. Mtoto aweke ncha ya mkaa popote, aupeleke mstari utakako, ujikate mara ishirini akipenda, mradi asiinue mkono, asirudie njia aliyokwisha pita, na mwishowe arudi alipoanzia. Karatasi sasa imejaa vyumba. Avipake rangi, ila vyumba viwili vyenye ukuta mmoja visifanane. Atahitaji rangi ngapi? Mbili zatosha, daima, hata mstari ukijipinda namna gani. Mtoto hataamini, atajaribu kuchora mstari wa kumshinda mwalimu, naye hatauona. Siku nyingine mwalimu apige ngoma, kishindo na kimya, na watoto wachore wakisikiacho.

Hapo mpinzani huniuliza: je, kila mchoro wa ovyo utakuwa sanaa? Haukuwa hivyo kwa Wachokwe. Kidole kikiruka kitone kimoja, sona imeharibika mbele ya watazamaji. Mkeka nao, ukili ukikosewa, jirani hulitambua kosa kabla hajaketi. Sanaa isiyoiga kitu ina sheria zake, na pengine ni kali zaidi, kwa kuwa hakuna kikombe cha kusingiziwa.

Sikatai kuwa seremala na tabibu hawana budi kuchora kitu kama kilivyo. Na wafundishwe, lakini wakati wake haujafika kwa mtoto wa miaka sita ambaye hajaujua bado mkono wake mwenyewe.

Mwingine husema kuwa vifaa ni ghali. Ghali kwa nani? Mkaa uko jikoni na mchanga uko uwanjani. Mwalimu abishaye na ajaribu kesho, kwa karatasi zilizokwisha andikwa upande mmoja. Ila asisimame ubaoni. Aketi dawatini, achore pamoja nao.