Barazani Mwetu: Likizo ya Nyumba Nzima Katika Nchi ya Omani



Desturi ya kusafiri na watu wa nyumbani wakati wa likizo imeenea sasa katika miji yetu. Zamani mtu akisafiri kwa Hija, au kwa biashara, au kwa kutafuta ilimu, au kwa kumzuru jamaa mgonjwa. Leo baba aliyejaaliwa wasaa kidogo humchukua mkewe na wanawe wakaenda nchi ya ng'ambo kwa juma moja au mawili, kisha wakarudi. Jambo hili sisi hatulilaumu. Dini yetu haikumkataza mtu kutembea katika ardhi ya Mola wake akatazama na kuzingatia, bali imemhimiza. Tunayoilaumu ni ile safari ambayo mtu hurudi nayo mikono imejaa na moyo mtupu: ametoka hotelini akaingia dukani, ametoka dukani akarudi hotelini, amekula kuku wa kukaanga yule yule auzwaye katika mji wake, na alichokileta ni picha zake mwenyewe. Mali imekwenda, na watoto hawakujua walikuwa wapi.

Kwa hivyo mwezi huu twapenda kusema juu ya nchi moja ambayo twaona yafaa sana kwa nyumba za pwani yetu, nayo ni Omani, ile ambayo wazee wetu wakiiita Manga. Hatuitaji kwa kuwa ni bora kuliko nchi nyingine zote. Twaitaja kwa kuwa mtoto wetu akiingia huko atakuta nusu ya mambo ni mageni kwake na nusu anayajua, na katika kuyapambanua hayo ndipo anapojifunza.

Jambo la kwanza ni kuchagua wakati. Tangu Novemba hata Machi hewa ya Omani ni nzuri, lakini Juni na Julai joto la Maskati hupita digrii 40, na mtoto mchanga au mtu mzima wa miaka mingi hawezi kulistahimili nje mchana. Jambo la pili ni fedha. Riyali moja ya Omani ni zaidi ya dola mbili na nusu za Marekani, nayo hugawanywa baisa 1000; na neno hilo baisa na neno letu pesa asili yake ni moja. Basi kitu kinachoonekana rahisi kwa hesabu huenda kisiwe rahisi kwa thamani. Yapasa baba apange fungu la kila siku kabla ya kutoka, wala asikope kwa ajili ya likizo. Hiyo ni kununua furaha ya siku saba kwa dhiki ya mwaka mzima.

Tukifika Maskati, tuanze na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos uliofunguliwa mwaka 2001. Zulia la ukumbi wake mkubwa lilifumwa na wanawake wa Irani kwa muda wa miaka minne, na ukubwa wake wapita mita za mraba 4000. Lakini twasihi watoto wasipelekwe kutazama zulia tu. Wapelekwe wakati wa Sala, wakasali. Hapo huenda kijana akamwona mtu ubavuni mwake akisali hali mikono ameiteremsha, kwani madhehebu ya Ibadhi hufuatwa na watu wengi katika nchi ile, na wengi wetu huku ni Shafii. Kijana akiuliza, baba asikunje uso. Amweleze kwamba Kibla ni kimoja na Mtume ni mmoja, na kwamba Maibadhi wamekaa nasi Unguja na Pemba tangu zamani bila ya kugombania mikono. Somo hili likimwingia kijana akiwa na miaka kumi na miwili, litamkinga na fitina nyingi atakapokuwa mtu mzima.

Jioni nyumba nzima na iende soko la Mutrah, lililo karibu na bandari. Huko kuna ubani, udi, fedha iliyofuliwa, majambia, na zile kofia zilizoshonwa matundu madogo madogo ambazo mtoto wetu atasema, "Hii si kama ya babu?" Naam, ni kama ya babu. Hapo ndipo pa kumwambia kwamba bahari iliyo baina yetu na watu wale imepitwa na majahazi kwa mamia ya miaka, na kwamba kofia, chakula na maneno vilisafiri pamoja na watu.

Sasa tuje kwenye kula, maana wengi wataka kujua hayo kwanza. Mtoto asiachiwe kuagiza yale aliyoyazoea. Ale mishkaki ya njiani, ambayo Omani huitwa mishkak. Ale nguru mzima aliyeokwa, akaletwa juu ya wali wa ndimu. Ale mkate mwembamba kama karatasi, unaopikwa juu ya bamba la moto, kwa yai au asali. Akiletewa harisi ya ngano na nyama iliyopondwa pamoja, atagundua kwamba ni boko boko la nyumbani kwao. Na akikuta mandazi mezani asistaajabu; yalivuka bahari kwenda kule, kama halua ilivyovuka kuja huku.

Halua ya Omani hupikwa katika sufuria kubwa la shaba kwa wanga, sukari, samli, iliki, zafarani na marashi ya waridi, na mpishi huikoroga kwa saa nyingi bila ya kuiacha. Huliwa pamoja na kahawa chungu, nayo kahawa hiyo ina adabu zake. Mwenyeji humimina kidogo tu katika kikombe, na mgeni hukipokea kwa mkono wa kulia. Akitosheka, hukitikisa kikombe anapokirudisha. Asipokitikisa atamiminiwa tena na tena. Watoto hupenda sana adabu hii, na mwenye kuijua huonekana ametoka nyumba ya malezi.

Chakula kikubwa cha Sikukuu ni shuwa. Nyama hupakwa viungo vingi, ikafungwa katika majani makavu ya mgomba au ya mtende, kisha ikafukiwa katika shimo lenye makaa kwa siku moja au mbili. Katika vijiji shimo huwa ni la watu wote, kila nyumba ikatia fungu lake lenye alama, na siku ya kufukuliwa kila mtu akachukua lake. Siku zisizo za Idi, hupatikana katika baadhi ya mikahawa ya Maskati. Huliwa chini, mkekani, kwa sinia moja, kila mtu akila mbele yake. Twasema kwa msisitizo: sinia hilo laweza kumfunza mtoto wa leo, aliyezoea kula peke yake huku macho yake yako kwenye simu, mambo ambayo baba ameshindwa kumfunza kwa maneno.

Baada ya Maskati, tuingie ndani mpaka Nizwa, safari ya kiasi cha saa mbili kwa gari. Ni vizuri kulala huko usiku wa kuamkia Ijumaa, kwani asubuhi yake huwa kuna mnada wa mbuzi na ng'ombe; wauzaji huzunguka na wanyama wao katikati ya duara la wanunuzi, na bei hutajwa kwa sauti. Kisha watoto wapande mnara wa ngome, uliojengwa karne ya 17 na Imam Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi. Yeye ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na ni zama za mwanawe, Saif bin Sultan, mwaka 1698, Wareno walipotolewa katika Ngome ya Yesu ya Mombasa. Kijana aliyewahi kuingia ngome ile ya Mombasa atauona mnara wa Nizwa kwa macho mengine.

Karibu na mji huo kuna Falaj Daris, mmoja katika mifereji mitano ya Omani iliyotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Maji hutoka chini ya ardhi yakaenda kwa mteremko tu, bila ya mashine, mpaka mashamba ya mitende. Watu waligawana maji hayo kwa zamu, wakihesabu saa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Kutoka hapo, mwenye gari la magurudumu manne yenye nguvu aweza kupanda Jabal Akhdar, ambako mwezi wa Aprili mawaridi huchumwa na kukamuliwa marashi. Gari la namna nyingine askari hulizuia njiani.

Upande wa mashariki uko mji wa Sur, mji wa mabaharia na waundaji wa majahazi. Watu wa Sur ndio waliokuwa wakija Lamu, Mombasa na Unguja kwa kaskazi na kurudi kwao kwa kusi. Hapo karibu, Ras al-Jinz, kasa hupanda pwani usiku kutaga mayai mchangani. Huonyeshwa watu pamoja na kiongozi, kimya kimya, bila ya taa za kumulika. Njiani kuna mabonde yenye maji ya kijani, kama vile Wadi Shab, ambayo vijana hupenda kuogelea. Lakini tahadhari: mvua ikinyesha milimani, bonde kavu hujaa kwa ghafula. Aprili 2024 mafuriko ya namna hiyo yaliua watoto wa skuli. Mawingu yakionekana, watu watoke bondeni, na ogelea ziahirishwe.

Na wale ambao likizo za watoto wao ni Juni hata Agosti, wasiende Maskati katika joto. Waende Salalah, iliyo kiasi cha kilomita 1000 kusini. Upepo wetu wa kusi, ukifika huko, huleta manyunyu na ukungu, na milima ikageuka kijani. Kando ya barabara huuzwa madafu, ndizi na mapapai, na mtoto wa pwani atadhani amerudi kwao. Katika jimbo hilo ndimo uotamo mti wa ubani. Gome lake hukwaruzwa, utomvu ukatoka na kukauka, nao ndio tunaoufukiza majumbani mwetu.

Hatuna budi kusema neno juu ya mama. Baba wengi hupanga nyumba ili kupunguza gharama, nalo ni jambo la busara; lakini wakamwachia mama jiko, nguo na watoto, kama alivyokuwa kwao. Huyo hakupata likizo. Amehamishwa jiko tu. Vijana wa kiume waoshe vyombo, na baba atoke alfajiri akatafute mkate. Si aibu, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani mwake.

Tumeliweka mwisho lililo kubwa kuliko yote. Katika Maskati na miji mingine ya Omani wapo watu wengi ambao lugha ya nyumbani mwao ni Kiswahili hiki hiki. Wengi walitoka Unguja baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na wengi wakaingia Omani baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani walioko nje. Hapana shaka baadhi ya wasomaji wetu wana shangazi, au mjomba, au mtoto wa ami huko. Wazee hao wanaondoka mmoja mmoja. Watoto wao husema Kiarabu na Kiingereza, na wajukuu wa bibi mmoja hukutana leo wasiweze kuambiana neno zaidi ya salamu. Udugu hauvunjwi na ugomvi peke yake. Huvunjwa pia na kutojuana.

Basi ziara kwa jamaa isiwekwe siku ya mwisho, saa moja kabla ya kwenda kiwanja cha ndege. Iwe ya kwanza. Chukueni karafuu na iliki, ketini mkekani, na mwacheni mzee aseme. Na watoto waambiwe kweli yote. Waambiwe kwamba majahazi yaliyoleta tende na nguo yalichukua pia watu waliofungwa minyororo, mpaka soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873. Na waambiwe kwamba mwaka 1964 watu wengi waliuawa na wengine wakatolewa makwao. Mtoto aliyefichwa hayo atakuja kuyasikia mitaani kwa ulimi wa chuki. Aliyeambiwa na mzee wake, huku wamezunguka sinia moja na wajukuu wa upande wa pili, atayabeba kwa namna nyingine.

Asiye na jamaa Omani, naye asidhani maneno haya hayamhusu. Nchi yoyote aendayo ina chakula chake, ina msikiti au majirani wake, na ina watu wenye habari za kumsimulia mgeni mwenye adabu. Aule mkate wao, awaulize habari zao, na awafunze wanawe kushukuru.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awasahilishie safari kila watakaosafiri, awarudishe salama, na aunganishe nyoyo zilizotengwa na bahari. Wabillahi tawfiq.