Kabla hujasema dawa za kulevya zihalalishwe

Kila mjadala wa dawa za kulevya unapopamba moto, hakosi mtu wa kusema Ureno ilishahalalisha. Si kweli, msomaji wangu. Tangu Julai 2001, anayekutwa huko na kiasi cha matumizi yake kisichozidi siku 10 hapelekwi mahakamani. Anaitwa mbele ya jopo la watu watatu, wakiwemo wa sheria na wa afya au ustawi wa jamii, na wanaweza kumwelekeza kwenye tiba. Dawa zenyewe bado ni marufuku, na muuzaji bado anafungwa.

Jimbo la Oregon, Marekani, lilijaribu mwaka 2021. Aliyekamatwa aliandikiwa faini ya dola 100, ambayo ingefutwa akipiga simu na kufanyiwa tathmini ya afya. Wengi hawakupiga. Fedha za tiba nazo zilichelewa kufika vituoni. Septemba 2024 jimbo likarudisha makosa ya jinai.

Kwa hiyo ukiniuliza niko upande gani, nami nakuuliza: mwanao akikubali leo kuacha heroini, utampeleka wapi? Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, kwa miezi, mara nyingi miaka. Kwa anayeishi mbali na kliniki, nauli peke yake inamshinda. Na arosto, yale maumivu, kuhara na kukesha yanayomrudisha kwenye kete, haisubiri mpaka nauli ipatikane.