Mkoromo wa Baba na Presha ya Mwana

Wasomaji wetu, katika nyumba zetu mtu akoromaye kwa kishindo husemwa kuwa amepata usingizi mnono. Wajukuu humcheka, na mkewe huvumilia akanyamaza. Lakini mke huyo ndiye shahidi wa jambo asilolijua mwenyewe: katikati ya mkoromo huja kimya, kifua chahangaika wala hewa haipiti, kisha mtu hushtuka kama aliyezuka majini. Kimya hicho kikifika sekunde 10 au zaidi, na kikirudi mara nyingi usiku kucha, hayo ni maradhi.

Nyama za koo hulegea, njia ya pumzi ikazibana. Oksijeni hupungua katika damu, mwili ukaingiwa na hofu, mishipa ikajikaza na shinikizo la damu likapanda. Likizoea kupanda usiku, hatimaye halishuki hata mchana. Mwaka 2000 wataalamu wa Wisconsin, Marekani, walitangaza habari za watu 709 waliofuatiliwa miaka minne: kadiri pumzi ilivyokatika zaidi usingizini, ndivyo presha ilivyozidi kuwapata.

Twasikia watu wakisema, "Presha ni ya ukoo wetu." Neno hilo lina ukweli, ila ukoo haurithishi presha peke yake, hurithisha pia umbo la taya, upana wa koo na wepesi wa kunenepa. Mwaka 2021 watafiti wa Ufini, waliochunguza vinasaba vya wagonjwa zaidi ya 16,000 wa maradhi haya ya pumzi, waliona kuwa urithi wake una ushirika na urithi wa presha. Na jeni mojawapo waliyoikuta, iitwayo FTO, ni ile ile ijulikanayo kwa unene. Hapo twaona nafuu: taya hatukuichagua, lakini uzito waweza kupunguzwa.

Basi kijana ambaye baba yake ana presha na mkoromo wa namna hii, na apimwe mapema, hata akiwa mwembamba. Naye anywaye dawa za presha aina tatu bila ya kupata nafuu, amweleze daktari habari za usiku wake. Afadhali afuatane na mkewe. Iko mashine isukumayo hewa kwa barakoa ya puani, aliyoibuni Colin Sullivan huko Sydney mwaka 1980. Bei yake si ndogo, wala kuizoea si rahisi. Lakini mgonjwa huyu akiwa dereva, usingizi alioukosa usiku humjia mchana akiwa kwenye usukani, na abiria wake si wa ukoo wake.