Kizuri Chajiuza?

Miongoni mwa kauli ambazo sisi wahakiki huzirudia bila ya kuzipima ni ile idaiyo kuwa wakati ndio mhakiki bora: kwamba kazi njema hudumu, na iliyo hafifu husahauliwa. Wahenga nao huitwa kutoa ushahidi: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Makala haya yanashikilia kwamba kauli hiyo ni ya uvivu, na kwamba historia ya muziki wa Ulaya yatosha kuikanusha.

Tuanze na kisikikacho kila mahali. Noti nne za kwanza za Simfonia ya Tano ya Beethoven, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mjini Vienna mwaka 1808, zimerudiwa mno hata msikilizaji hazisikii tena, anazitambua tu. Kosa si la Beethoven. Ni la wanaodhani kuwa kurudiwa ni hati ya ubora, ilhali kijulikanacho ndicho kipigwacho, na kipigwacho ndicho kijulikanacho.

Sasa tuutazame utungo wa Franz Schubert wa ala tano za nyuzi: fidla mbili, viola moja na chelo mbili. Aliukamilisha mwaka 1828, wiki chache kabla ya kufariki akiwa na umri wa miaka 31. Alimwarifu Probst, mchapishaji wa Leipzig, Probst hakuuchapisha. Haukupigwa hadharani hadi 1850, wala kuchapishwa hadi 1853. Je, kwa miaka hiyo 22 ulikuwa hafifu? Ubora wake haukuongezeka hata chembe. Ila Joseph Hellmesberger na wenzake waliuchukua wakaupiga. Aliyeuhakiki si wakati, ni watu.

Mimi niliusikia nikiwa nimepita miaka arobaini, baada ya kuwahubiria wanafunzi mchujo huo wa wakati kwa muda mrefu. Katika sehemu ya pili, ala tatu za kati hushikilia sauti ndefu, fidla ya kwanza ikinong'ona juu yake na chelo ya pili ikidonolewa nyuzi chini yake. Ghafla dhoruba huzuka. Na utulivu unaporejea, si ule wa awali. Niliona haya. Ni vitabu vingapi nimevipita rafuni kwa hoja kwamba vingekuwa na thamani ningekwisha kuvisikia?

Mhakiki anayengoja wakati umchagulie amejiuzulu kazi yake. Kizuri hakijiuzi, kinahitaji wa kukinadi.