São Paulo: tusiishie kwenye maghorofa

Vijana wenzetu, rafiki yetu aliyepita São Paulo katutumia picha: maghorofa, metro imejaa watu, na barabara ya Avenida Paulista inayofungwa kwa magari Jumapili ili watu watembee. Wengi tumeishia kushangaa maghorofa.

Sisi tunasema cha kutamani ni kingine. Kule Brazili anayeomba hifadhi anaruhusiwa kufanya kazi hata kabla ombi lake halijajibiwa, na hospitali za serikali zinamtibu bure.

Siyo peponi, jamani. Mwaka 2022, mjini Rio de Janeiro, mkimbizi Mkongomani Moïse Kabagambe alipigwa hadi kufa. Familia yake ilisema alikwenda kudai malipo yake. Lakini haki ya kudai alikuwa nayo kisheria.

Sisi huku kambini, hata kutoka getini ni kibali. Wahisani, kwa mgao tunashukuru. Sasa tusaidieni kuomba ruhusa ya kazi.